Tupeane uzoefu: filta za AC ya gari-nyumba za kujitengenezea

#1
Wakuu, uzi huu ni wa filta za AC za juu ya paa. Ya kiwandani mara nyingi ni kipande cha sponji chenye unene wa milimita 6 hivi, na ikizeeka inabomoka kuwa unga unaoingia kwenye koili (mabomba membamba yenye gesi yanayopoza hewa). Mnaojikatia wenyewe, tuambieni mnatumia nini na kinachoharibika ni nini.

#2
Kila kitu kinaanzia kwenye sponji. Tafuta ya matundu wazi, ile inayouzwa kwa alama ya PPI (idadi ya matundu kwa kila inchi). Kati ya 20 na 30 inafaa. Kama haina alama, iweke mdomoni upulize: pumzi ipite bila kulazimisha. Sponji ya kufungashia vyombo ina vishimo vilivyozibwa, hewa haipiti kabisa. Ya godoro inapitisha kwa shida, nayo iache. Chandarua peke yake kinashika nywele na manyoya ya mbwa tu, vumbi laini linapita.

#3
Kwenye kukata: zima umeme wa AC kwenye swichi kuu kwanza, kisha fungua kava la ndani. Usipime filta ya zamani, maana huwa imesinyaa. Pima fremu yenyewe, chora kwenye karatasi ngumu, ongeza milimita 3 kila upande, halafu hamishia kwenye sponji kwa maka peni. Kata kwa wembe mpya na rula ya chuma bila kugandamiza sponji, la sivyo ukingo unatoka mshazari.

Hizo milimita 3 ndizo zinazoishikilia. Ukizidisha ikafika 10, sponji inavimba katikati na feni inaivuta juu. Ukipunguza, hewa inapita pembeni na vumbi linaganda kwenye mapezi ya koili (vile vibati vyembamba vilivyopangwa juu yake). Fremu ikiwa pana, weka wavu mgumu wa plastiki wenye matundu makubwa upande wa juu, kati ya sponji na feni.

#4
Mkuu #3, kwangu velkro kwenye pembe nne ni bora kuliko kutegemea kubana. Ila isizibe kihisi cha joto, baadhi ya AC kinakaa hapohapo nyuma ya kava.

#5
Kuna wanaoweka filta nene ya mikunjo, ile ya mifumo ya nyumbani, wakiamini ndiyo inayosafisha zaidi. Inasafisha kweli, lakini feni ya AC hizi haina nguvu ya kuvuta hewa humo. Hewa ikipungua, koili inapoa kupita kiasi, unyevu unaganda kuwa barafu, na barafu inaziba hewa kidogo iliyobaki. Baadaye inayeyuka na maji yanadondoka ndani, mtu anadhani paa linavuja. Kutandika sponji mbili kunaleta shida ileile.

Barafu ikishatokea, zima kompresa (pampu inayozungusha gesi), acha feni peke yake kwa kasi ya juu mpaka iyeyuke yote. Usiichokoe kwa bisibisi: ukitoboa koili, gesi yote imekwenda.

#6
Tumieni kipimajoto, si hisia. Washa AC dakika 15 hivi, pima hewa inayoingia kwenye filta na inayotoka kwenye tundu lililo karibu zaidi na mashine. Tofauti ya nyuzi 9 hadi 12 za Selsiasi ni ya kawaida, ingawa unyevu mwingi hewani huishusha. Pima bila filta, kisha ukiwa nayo. Ukiona hewa inatoka kwa unyonge baada ya kuiweka, sponji hiyo ni nzito mno.

#7
Kufua: maji vuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, kila wiki mbili AC ikitumika kila siku. Ikamue kwa kuibana kati ya viganja, usiisokote. Irudi ikiwa kavu kabisa, kwa sababu sponji mbichi inashika vumbi kama tope na kuanza kunuka. Kata mbili kwa mpigo, moja ikikauka nyingine iko kazini.

#8
Kava likiwa wazi, angalieni pia kizuizi kinachotenga hewa inayoingia na inayotoka. Kikiwa na mwanya, hewa baridi inarudi kwenye koili kabla haijafika chumbani, na kompresa inazima mapema. Ziba kwa tepu ya alumini. Ile ya kitambaa gundi yake inaachia.