Levin yenye supachaja, nahamishia intakula mbele: bomba la inchi ngapi?

Kijana_wa_Katuba (Lubumbashi)
Jambo wakubwa. Nina Corolla Levin AE92, motere 4A-GZE ya lita 1.6, supachaja (pampu ya mkanda inayoshindilia hewa ndani ya motere) ni ileile ya kiwandani, SC12. Intakula (rejeta ya kupoza hewa hiyo) ya kiwandani imekaa juu ya motere, chini ya lile tundu la boneti. Mwezi wa kumi jua la hapa mnalijua: ukikaa kwenye foleni ya kuingia mjini, intakula inakuwa ya kuunguza mkono, na nguvu ya asubuhi huioni tena mpaka jioni.

Nimepata intakula ya kukaa mbele, nyuma ya bampa. Fundi wa kuchomelea kwa argon yupo. Tunabishana juu ya bomba la kupeleka hewa mbele na kuirudisha kwenye motere. Yeye anataka inchi 3 njia nzima ili hewa ipite bila kubanwa. Rafiki yangu anasema inchi 2 zinatosha. Nimepima njia kwa kamba, kwenda na kurudi ni kama mita 3, na kona sita. Gari ni la kazi, kila wiki naenda Likasi nalo, sina mpango wa mashindano. Naomba ushauri kabla bomba halijakatwa.

Garaji_Ruashi
Inchi 3 hapana. Mimi kwenye turbo naweka 2 na nusu na zinaenda vizuri. Weka hiyo.

Mzee_wa_Kamalondo
Leki, mdogo wangu, weka msumeno chini kwanza, tupige hesabu.

Motere ya viharusi vinne inajaza ujazo wake mara moja katika kila mizunguko miwili. Lita 1.6 kwa mizunguko 7,000 kwa dakika ni lita 5,600. Silinda hazijai kabisa, basi tuseme lita 5,300 kwa dakika, karibu lita 90 kwa sekunde. Hiyo ni hewa iliyokwisha kushindiliwa, ikipita upande wa baridi, kati ya intakula na motere.

Ipitishe kwenye bomba la inchi 2, ambalo ndani lina milimita 48 hivi: inakwenda mita 49 kwa sekunde. Kwenye inchi 2 na robo ni 39. Inchi 2 na nusu, 31. Inchi 3, 21. Upande wa moto, kati ya supachaja na intakula, hewa imetanuka, ongeza kama sehemu moja ya tano, kwa hiyo inchi 2 zinafika mita 59 hivi. Watu wanaojenga motere za presha huanza kuwa na wasiwasi mwendo unapokaribia 0.4 ya kasi ya sauti, yaani zaidi ya mita 130 kwa sekunde. Kwa inchi 2 hujafika hata nusu ya hapo. Garaji_Ruashi hajakosea kwa turbo zake, lakini hapa tuna motere ndogo na supachaja ndogo.

Halafu angalia upande wa pili. Mita 3 za bomba la inchi 3 zinabeba lita 12 na nusu za hewa. Za inchi 2 zinabeba lita 5 na nusu. Kabla sijaendelea, niambie: papiyo, ile sahani inayofunguka ukikanyaga gesi, iko kabla ya supachaja au baada yake?

Kijana_wa_Katuba
Iko kabla, mzee. Chujio, kipima hewa, papiyo, ndipo supachaja.

Mzee_wa_Kamalondo
Basi jibu limeshapatikana. Kila lita ya bomba, pamoja na intakula yenyewe, iko nyuma ya papiyo. Ukiachia gesi, motere inaendelea kunyonya hewa iliyobaki humo, na mizunguko inachelewa kushuka. Ukikanyaga tena, lazima bomba lote lijazwe upya ndipo presha ipande. Supachaja tunaipendea kuitikia mguu palepale. Ukiifungia ghala la hewa la lita 12, utaendesha gari linalojibu kwa kuchelewa kama turbo, na wala hujapata nguvu ya turbo.

Kwa hiyo: inchi 2 upande wa moto, inchi 2 na robo upande wa baridi. Pima mdomo wa supachaja na mdomo wa manifoldi, njia inayogawa hewa kwenye silinda, usiende chini ya hapo. Pale kipenyo kinapobadilika weka koni ndefu, hewa haipendi kukutana na ukuta. Kona sita ni nyingi, ukiigeuza intakula ili midomo yote miwili itazame upande mmoja huenda zikabaki nne, na kona mbili zilizopungua zina faida kuliko nusu inchi ya kipenyo. Chukua kona zilizopindwa bila kubonyea tumboni. Na vali ya baipasi, ile inayorudisha hewa ya ziada nyuma kabla ya supachaja, ibaki na bomba lake, asije mtu akaiziba kwa kurahisisha kazi.

Mwana_Himbi (Goma)
Naongezea kuhusu geji ya presha, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Supachaja ya mkanda inazidisha presha ya hewa inayoikuta. Mfumo unaosoma bar 0.6 kando ya bahari, kwenu Lubumbashi, kwenye mita 1,200 hivi ambako hewa yenyewe ina bar 0.88, utasoma kama 0.52. Huku Goma, mita 1,500, ni kama 0.5. Bomba halijaiba kitu, ni mwinuko.

Kisha ukifunga intakula nzuri geji itashuka tena kidogo, kwa sababu hewa ikipoa inasinyaa na supachaja inasukuma kiasi kilekile. Mtu akiona hivyo anadhani bomba ni dogo, anang'oa kila kitu anaweka kubwa. Usifanye hivyo. Toboa pua mbili za geji, moja kabla ya intakula na moja baada yake, ukanyage gesi yote kwa gia ya tatu, usome zote mbili. Tofauti ikiwa chini ya bar 0.1, lala usingizi. Ikizidi, shuku intakula yenyewe kwanza, ndiyo inayobana kuliko bomba.

Fundi_wa_Ibanda (Bukavu)
Mimi nachomelea, nasema juu ya viungo tu. Kwa kuwa papiyo iko kabla ya supachaja, gari likiwa sailensa, yaani motere inawaka bila kukanyaga gesi, bomba lako zima liko kwenye mnyonyo, halina presha. Kiungo kinachovuja hakitapiga filimbi upate kukisikia. Kitavuta hewa isiyopimwa na lile vumbi jekundu la barabara ya Likasi, moja kwa moja mpaka kwenye silinda, bila kupita kwenye chujio. Motere itatetema sailensa, na pete za pistoni zitalika kimyakimya.

Kwa hiyo kila mwisho wa bomba uzungushiwe ukingo ulioinuka, mpira wa silikoni ukae nyuma yake, kolie, yaani kibano cha kukaza mpira, iwe ya bolti, ile ya bisibisi inalegea. Mpira uwe mgumu, wenye tabaka za kitambaa ndani, ule laini unafyonzwa na kubonyea. Midomo miwili ya bomba iachane upana wa kidole tu. Futa mafuta kabla ya kufunga. Karibu na motere acha kiungo kimoja kinachocheza, maana motere inatikisika na bodi haitikisiki.

Kabla ya kuunganisha na motere, ziba ncha zote, jaza hewa bar 0.7, pakaa maji ya sabuni kila mshono.

Kijana_wa_Katuba
Asanteni sana wazee wangu. Inchi 2 na 2 na robo, kona nne, nimemwonyesha fundi hesabu na amekubali. Anauliza: aluminiamu au chuma cha pua?

Mzee_wa_Kamalondo
Aluminiamu, ni nyepesi na argon anayo. Lile la moto lisipite nyuma ya rejeta wala karibu na egzosi. Pasipo njia nyingine, weka bati la kukinga joto katikati, liachane na bomba pande zote.

Fundi_wa_Ibanda (Bukavu)
Na aoshe ndani baada ya kuchomelea. Punje za kulehemu zikibaki humo, motere itazimeza.