Wauza hambaka za "vinteji" mnatupiga mchana kweupe

Wakuu, leo natoa povu na sitalifuta. Kama umeingia humu kutafuta pikapu za gitaa za kununua (vile visumaku vyenye koili vinavyogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme), soma kwanza ndiyo utoe hela yako.

Napiga solo kwenye bendi ya kumbi na harusi hapa Dar. Gitaa langu lina umbo la Les Paul, lile gitaa la kampuni ya Gibson ya Marekani, limetoka kiwanda cha Asia, mbao safi, shingo imenyooka. Ugonjwa wake ni pikapu tu. Ile ya shingoni ukigusa nyuzi mbili tatu kwa pamoja, sauti za besi zinakuwa uji. Ya kwenye daraja inapiga kelele lakini haiimbi. Mpiga roki anayefungulia distosheni mpaka mwisho labda hajali. Sisi wa dansi tunapiga sauti safi, ridhimu inakatiza katikati, solo juu, besi chini, na kila noti inatakiwa isikike peke yake. Gitaa likizama hapo huna pa kujificha.

Basi nikatafuta seti ya hambaka (pikapu zenye koili mbili, zinazofuta mvumo wa umeme) za mtindo wa miaka ya 1950, zile zenye waya wa kiasi na sauti inayotenganisha noti. Muuzaji mmoja wa mtandaoni, jina silitaji, akisoma atajijua, alikuwa na tangazo tamu: "PAF 1959, Alnico 5, zimezungushwa kwa mkono, 8.2k, sauti halisi ya vinteji." Picha nzuri, kibandiko cheusi chenye maandishi ya dhahabu, na bei ya kumtosha mtu kulipia ada ya mtoto. Nikalipa.

Zimekuja. Fundi wangu kabla hajashika pasi ya kulehemu akaweka mita. Ya daraja inasoma zaidi ya 14k, yaani kiloohm 14 za ukinzani, badala ya 8.2. Nikampigia muuzaji. Mnajua alichonijibu? "Bosi, hilo ni joto la Dar, waya ukipata moto ukinzani unapanda."

Ni kweli unapanda, na hapo ndipo nilipochukia zaidi, kwa sababu jamaa kasoma mahali nusu ya jambo akaja kunichapa nayo. Ukinzani wa shaba unaongezeka kwa kama asilimia 0.39 kwa kila nyuzi joto moja. Pikapu iliyopimwa 8.2k kwenye chumba cha nyuzi 20, ukiileta hapa kwenye 32 itasoma kama 8.6k. Ndiyo maana wawili wanaweza kubishana kutwa nzima humu eti yangu ina nguvu kuliko yako, kumbe mmoja kapimia Arusha asubuhi na mwingine Temeke saa nane mchana. Lakini ili 8.2k ifike 14k kwa joto peke yake, gitaa lingebidi lichemke mpaka karibu nyuzi 200. Bobini za plastiki, zile zinazozungushiwa waya, zingekuwa zimeshatiririka sakafuni.

Tukafungua kifuniko. Sumaku nyeusi tii. Alnico haiwi nyeusi hivyo, wakuu. Alnico ni chuma, alumini, nikeli na kobalti, ina rangi ya kijivu cha metali, na mara nyingi uso wake ni wa kukwaruza kwa sababu imemiminwa kwenye mchanga. Na usiamini macho tu, maana rangi inapakwa. Weka mita kwenye kipimo cha kuangalia waya uliokatika, gusisha ncha mbili kwenye sumaku yenyewe. Alnico inapitisha umeme, mita italia. Sumaku ya keramiki haipitishi, mita itakaa kimya. Yangu ilikaa kimya kama imetukanwa.

Nikamtumia video. Jibu: "Kaka, sumaku ni sumaku. Masikio ndiyo yanayosikia."

Ngoja niseme hili mapema kabla hajaja mtu kunifundisha: keramiki si haramu. Kuna pikapu nzuri sana za keramiki, zina mshindo mkali na zinabana vizuri ukiwa na distosheni. Angeandika "keramiki, 14k" ningempita bila ugomvi akauzie wenye metali. Kosa lake ni kuuza kitu kimoja kwa jina la kingine, kwa bei ya kile kingine.

Sasa tuje kwenye hilo neno PAF linalobandikwa kila mahali. Hambaka ya Gibson ilibuniwa na Seth Lover, injinia wao kule Kalamazoo, Michigan. Maombi ya hataza (haki miliki ya ubunifu) yaliingizwa mwezi Juni 1955, hataza ikatoka Julai 1959. Kuanzia kama 1957 pikapu zilibandikwa kijikaratasi chini kinachosema kwamba hataza imeombwa, kwa Kiingereza Patent Applied For, ndiyo hiyo PAF, na kiliendelea kubandikwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, hataza ilipokuwa imeshatoka zamani. Kijikaratasi kilichofuata kilikuwa na namba ya hataza, ila namba yenyewe, 2,737,842, si ya pikapu. Ni ya kile kishikio cha nyuzi alichobuni Les Paul, mpiga gitaa ambaye gitaa lile lina jina lake! Nyie mnaopima uhalisi kwa kibandiko, kiwanda chenyewe kilibandika namba ya kifaa kingine.

Nyingine inayonifurahisha: Lover hakuwa na haja na zile skrubu sita za kurekebisha. Mchoro wake wa hataza hauna skrubu. Watu wa mauzo ndio walizitaka, ili wawe na kitu cha kuongea na wateja. Kwa hiyo tabia ya watu wa mauzo kutawala hambaka ni ya tangu siku ya kwanza.

Na zile za zamani zenyewe hazikuwa na kipimo kimoja. Waya ulikuwa wa geji 42 wa enameli ya kawaida, unene kama milimita 0.063, mizunguko ikilengwa kama 5,000 kwa kila bobini, lakini mashine za mwanzo zilimwachia mfanyakazi kukisia lini asimame. Matokeo yake nyingine zinasoma 7k na ushee, nyingine 8k, chache zinakaribia 9k, na mara nyingi bobini mbili za pikapu moja hazilingani. Sumaku vilevile: alnico 2, 3, 4, 5 (namba ni aina ya mchanganyiko), ilimradi imepatikana, mpaka walipotulia kwenye alnico 5 fupi zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sasa wewe unayeniambia "hii ni PAF halisi ya 1959", ni ipi hiyo? Ya Jumatatu au ya Ijumaa jioni?

Hata Gibson wenyewe wanauza majibu tofauti ya swali hilohilo. 57 Classic ina alnico 2 na bobini zinazolingana. Burstbucker ina alnico 2 na bobini ambazo hazilingani kwa makusudi, ili sauti iwe na ukali kidogo juu, ingawa mvumo wa umeme haufutiki wote. Burstbucker Pro ikahamia alnico 5. Seymour Duncan, kampuni nyingine ya pikapu, nao wana SH-1 yenye alnico 5, na wana SH-55, waliyoitengeneza kwa kushirikiana na mzee Lover mwenyewe, yenye alnico 2, kama 7.2k shingoni na 8.1k darajani. Zote hizo zinaitwa za miaka ya 50 na hakuna mbili zinazofanana. Tofauti na muuzaji wangu, hawa wanaandika ndani mna nini, mnunuzi achague. Na herufi PAF zenyewe ni alama ya biashara ya kampuni ya pikapu ya DiMarzio, ndiyo maana kampuni kubwa za Marekani zinazunguka mbali kidogo na jina hilo. Ni hawa wa kwetu tu wanaolimwaga popote.

Halafu hii tabia ya kutaja ukinzani peke yake. "8k", "9k", "hii ni 16k bosi inaua". Ukinzani hauonyeshi nguvu ya pikapu. Zungusha waya mwembamba zaidi, geji 43, mizunguko ileile, namba inapanda na sauti haijaongezeka kwa kiasi hicho. Kinachoamua kama gitaa litaimba juu au litaziba ni indaktansi, yaani jinsi koili inavyopinga mabadiliko ya mkondo, ile inayopimwa kwa henri, ikikutana na kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) ya waya wako wa kwenda kwenye amplifaya. Hambaka ya mtindo wa zamani inakuwa na henri 4 hadi 4.5 hivi. Chukua kebo ya mita 6, ya kawaida, kama pikofaradi 100 kwa kila mita, ongeza kidogo ya pikapu yenyewe. Kilele cha masafa, pale pikapu inaposikika kwa nguvu zaidi, kinaangukia karibu Hz 2,900. Ile yangu tuliipima kwa mita ya henri ya rafiki mmoja wa maabara, ikatoa karibu henri 8. Kwa kebo ileile kilele kinashuka mpaka Hz 2,100, na juu ya hapo sauti inaporomoka. Hapo ndipo uji unapotoka. Geuza toni upendavyo, kitu ambacho hakijatoka kwenye pikapu kitufe cha toni hakikiumbi. (Kebo fupi inasaidia, hilo ni la bure, jaribuni. Na angalieni potensiomita zenu (zile zilizo chini ya vitufe vya sauti na toni), hambaka inataka 500k, ukikuta fundi wa zamani amekuwekea 250k, badilisha hiyo kwanza kabla hujanunua chochote.)

Kuna mengine madogo ambayo kwenye tangazo hayakuwemo. Nafasi ya skrubu, kutoka ya kwanza hadi ya sita, kwenye Gibson za zamani ni kama milimita 49. Yeye kaniletea zote mbili za milimita 52, kipimo cha magitaa yenye daraja pana la Fender, kwa hiyo shingoni nyuzi za pembeni zinapita upande wa ndani wa skrubu, si juu yake. Kifuniko nacho, tukikikwaruza kwa ndani, ni njano: shaba ya njano iliyopakwa nikeli. Za zamani zilikuwa nikeli-silva, mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ambao unapitisha umeme vibaya zaidi, na kwa kazi hii ubaya huo ndio uzuri wake, kwa sababu vijimkondo vinavyozunguka kwenye kifuniko ndivyo vinavyokula sauti ya juu. Kwaruza kwa ndani utajua, nje kote kunang'aa.

La nta nitalisema kwa sababu hata wauzaji waaminifu wanalikwepa. Pikapu za miaka ile hazikuchovywa kwenye nta. Ukiwa nyumbani na amplifaya ndogo ni raha, zina uhai. Ukiwa kwenye ukumbi wa Mwenge, jukwaa dogo, umesimama hatua mbili kutoka kwenye spika yako na mpiga besi kafungulia, zinaweza kuanza kupiga mluzi ambao hata mlinzi wa nje ataangalia. Kwa hiyo anayepiga jukwaani amuulize muuzaji: zina nta au hazina? Wangu nilimuuliza kabla ya kulipa. Akaniambia, "Nta ya nini bosi, hii si mshumaa." Hapo ningejua kila kitu, ila kwa wakati ule nilidhani anatania.

Pesa kurudisha amekataa. Anasema nimeshafungua. Sasa nisingefungua ningeionaje sumaku?

Najua wanaokuja. Atakuja wa kwanza: "Mkuu, sauti iko kwenye vidole." Wazee wetu walipiga gitaa za kuazima zenye nyuzi zilizounganishwa wakatoa solo ambazo mpaka leo tunazifuatisha, hilo nakubali kwa mikono miwili. Lakini hakuna mzee aliyeuziwa kitu cha uongo akaambiwa anyamaze kwa sababu ana vidole vizuri. Atakuja wa pili: "Ungeshusha pikapu tu." Nimeshusha, nimepandisha, nimeweka kwa vipimo vya Gibson vya milimita 2.4 shingoni na 1.6 darajani, uzi ukiwa umebanwa kwenye freti ya mwisho. Nikatoka na uji mwepesi badala ya uji mzito. Wa tatu atasema ningeagiza Marekani moja kwa moja. Lete nauli na ushuru tuongee.

Wauzaji mliomo humu, mnaonisoma kimya kimya, tangazo lenu lijalo liwe na vitu hivi: sumaku ya aina gani, geji ya waya, henri ngapi, nafasi ya skrubu kwa shingoni na darajani, kifuniko cha madini gani, ina nta au haina, na ukinzani pamoja na joto la chumba mlichopimia. Ni mistari miwili tu, hata kwenye picha inaenea. Asiye na mita ya henri aseme hana, tutamwelewa. Mwaka wa 1959 muufute kabisa.

Na wewe uliyeniuzia, seti ipo kwa fundi, imefunguliwa, sumaku iko mezani. Njoo na mita yako mwenyewe kama ya kwangu huiamini. Nikiona pesa yangu nitaweka hapa kwamba nimelipwa. Mpaka hapo uzi huu nitaupandisha kila Ijumaa.