Kelele za ndege Olasiti: simu mbili, namba mbili

Fundi wa Kwaya: Wakuu, habari za jioni. Nina studio ndogo ya kurekodi kwaya hapa Olasiti, Arusha: chumba kimoja, bati juu, magodoro ukutani. Asubuhi vindege vya kwenda Serengeti vikianza kupaa pale uwanja wa ndege wa Kisongo, kazi inasimama. Jumamosi wamama wa sauti ya pili walirudia ubeti mmoja mara nne. Ya tano mwalimu wao akaniuliza kama sijawahi kufikiria kuhamia Moshi.

Nataka kujenga ukuta wa pili, ila kabla sijamwaga hela nijue kelele ni kiasi gani na inapitia wapi. Nimepakua programu ya kupima sauti. Ndege ileile, simu yangu inasema desibeli 88, ya mdogo wangu pembeni yake inasema 76. Niamini ipi?

Mpimaji: Hata moja. Maiki ya simu ni ya kuongelea. Sauti ikizidi, simu nyingi huishusha zenyewe. Na 12 si tofauti ndogo, maana zikiongezeka 10 tu sikio huona kelele imekuwa mara mbili. Usichanganye pia na desibeli za mixa yako: kule sifuri iko juu, huku sifuri ni pale sikio linapoanza kusikia.

Azima kipimo halisi, kifunge kwenye stendi mita 1.5 kutoka chini, mbali na ukuta maana unarudisha sauti, na maiki iwe na sponji ya upepo. Andika kilele cha kila ndege pamoja na wastani wa saa nzima. Wastani wenyewe usijumlishe ukagawa kwa mbili: nusu saa ya 60 na nusu saa ya 80 hazitoi 70, zinatoa 77. Kwenye kipimo utakuta namna za kusoma sauti ziitwazo mizani, A na C: A hupunguza besi, na besi ndiyo hupenya ukuta, kwa hiyo kwa habari ya ukuta pima na C.

Mama wa Burka: Andika na upepo. Ndege hupaa zikiukabili, ukigeuka kelele inahamia kwa wenzenu. Halafu huku tuko juu, hewa nyepesi. Jua likiwaka ndege yenye mzigo inapanda taratibu, inakukalia kichwani. Na jogoo mfungie mbali. Wangu alinipa 90!

Fundi wa Kwaya: Nimerudi. Kipimo nimeazima kwa jamaa wa usalama kazini, siku tatu, ndege 41 kwenye daftari. Kilele cha juu nje 83, ndani 66. Nikaziba kwa matambara ule upenyo kati ya bati na ukuta, ndani ikashuka hadi 61. Kumbe nilikuwa najenga ukuta wakati tundu liko juu! Naanza na dari.

Baada ya saa kumi na mbili jioni sikuandika ndege hata moja, nikapendekeza turekodi muda huo. Wamama wa sauti ya pili wamekataa, wanasema huo ni muda wa kupika.