Naomba ushauri: kumtafuta kasuku sisserou Dominica bila kiongozi

Habari zenu wapenzi wa ndege. Napanga kwenda Dominica, kisiwa cha Karibi, mwezi Machi, wakati wa kiangazi, kwa gari la kukodi, nikilala mji wa huko wa Portsmouth. Shabaha ni sisserou, kasuku mwenye kifua cha zambarau asiyepatikana kisiwa kingine chochote, aliyepungua mno baada ya kimbunga Maria cha 2017. Nimepitia kumbukumbu za eBird (tovuti ambapo watu huandika ndege waliowaona) za njia ya Syndicate, kwenye mlima Morne Diablotins: jaco, kasuku mwingine wa huko, mwekundu shingoni, anaonekana sana, sisserou ni kwa nadra.

Waliofika huko, gari dogo lisilo fo-wili linapanda hadi njia hiyo kutoka kijiji cha Dublanc mvua ikinyesha usiku? Na alfajiri nisimame penye uwazi juu ya bonde la mto Picard, au niingie ndani msituni?