Mkataba wa kurasa 11: wakili wa laki mbili au AI ya bure?

Stoo_Buza:
Wakuu, habari za jioni. Nimepata kazi ya kutunza stoo kwenye kampuni moja ya usafirishaji hapa Dar. Mkataba nimepewa jana: kurasa 11, Kiingereza kitupu, na Jumatatu naanza. Wakili mmoja wa Posta anataka laki mbili kuupitia tu. Nimekaa miezi saba bila kazi, na laki mbili ni kodi ya miezi miwili ninapokaa.

Jana usiku nikaupiga picha, nikairushia AI kwenye simu. Dakika moja, nikapata Kiswahili kilichonyooka. Ikasema mkataba hauna tatizo, likizo ya siku 21 za kazi imekidhi sheria, saa za kazi sawa. Ila kifungu kimoja kimeninyima usingizi: upotevu wowote stoo, mwajiri anakata mshahara mpaka deni liishe. Shemeji anasema nisaini tu, mikataba yote ndivyo ilivyo. Nyie mnasemaje?

Mama Naima:
Siku 21 ni za Kenya hizo, baba. Huku kwetu ni 28.

Stoo_Buza:
Kumbe! Nimerudi kuiuliza ilitumia sheria ya nchi gani. Ikaomba radhi, eti ilichukulia niko Kenya. Na anwani ya Dar iko ukurasa wa kwanza.

Mzee wa Makabidhiano:
Mimi si wakili, nimekaa ofisi ya utumishi miaka tisa. Mama Naima, hizo 28 ni za mfululizo, Jumapili na sikukuu zimo humo humo. Wa Jumatatu hadi Ijumaa anapata siku 20 za kazi, kwake 21 ingekuwa nyongeza. Kijana, wewe unaingia siku ngapi?

Stoo_Buza:
Jumatatu mpaka Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi kumi na moja jioni, saa moja ya chakula.

Mzee wa Makabidhiano:
Basi kwako 28 ni siku 24 za kazi. Wamekupunja tatu. Halafu nane mara sita ni 48, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaishia saa 45 kwa wiki. Zinazozidi ni ovataimu, mara moja na nusu. Simu yako imeshindwa kuzidisha nane kwa sita!

Sasa huo mwiba wa stoo. Soma kifungu cha 28 cha sheria hiyo. Hasara lazima iwe imetokea kazini na kwa kosa lako. Mwajiri akuandikie sababu, kiasi na alivyokipata, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Niliwahi kumwona mtunza stoo anaondoka na elfu kumi na nane mwisho wa mwezi, kisa matairi yaliyopungua kabla hajaajiriwa. Alisaini kupokea stoo bila kuhesabu. Wewe usipokee funguo kabla hamjahesabu pamoja na kuandikiana.

Koti Jeusi:
Mimi ni wakili. Huna haja ya kulipia kurasa zote 11. Chukua kifungu cha hasara na cha kuachishwa kazi, uliza bei ya kushauriwa hivyo viwili tu. Kabla ya kutoa hela, tafuta jina la wakili kwenye e-Wakili ya Mahakama, vishoka wamejaa. Hela ikigoma kabisa, nenda kwa afisa kazi, hulipishwi. Na ile picha uliyorusha, namba ya NIDA uliifunika?

Stoo_Buza:
Sikuifunika, mkuu. Hata sikuwaza.

Mrejesho: juzi nilienda kwa afisa kazi, nikakaa foleni mpaka saa nane. Akanipigia mistari vifungu vitatu kwa kalamu nyekundu. Leo nimerudi kwa mwajiri. Jumamosi sasa ni saa mbili hadi saa saba mchana, na kwenye makato wameandika robo. Likizo wamesema "tutarekebisha", kwa mdomo. Sijasaini. Kuhesabu stoo ni Jumatatu saa moja na nusu asubuhi. Mzee, hiyo karatasi ya makabidhiano inatoka nakala ngapi?

Mzee wa Makabidhiano:
Tatu. Yako ikae nyumbani, usiiache stoo.