Tupeane uzoefu: siku kompyuta ilipokana DVD katikati ya kupiga Windows

Ngosha wa Nyegezi
Mwangaluka wakuu. Leo mteja kaniletea desktopu kuukuu nimpigie Windows 7. Yale maandishi yalipotokea kwenye kioo tumbo likanikata kama mwaka ule. Nikaona nifungue uzi, kila mtu aseme yake.

Yangu hii. Nilikuwa na steshenari Nyegezi, njia ya wanafunzi. Kompyuta moja, printa moja, benchi moja. Wiki ya kukabidhi tafiti, virusi vikala mashine. Saa mbili usiku nikasema napiga Windows upya, si kazi. DVD ikaingia, nembo ikaja, nikachagua lugha, nikabonyeza kusakinisha. Paap! Draiva ya CD/DVD haipo, leta draiva, yaani ile programu ya kuiwezesha Windows kukitambua kifaa.

Nikabaki nimeduwaa. Wewe mashine, si DVD hiyohiyo ndiyo iliyokufikisha hapa? Umeisomaje kama huioni?

Nikaweka CD ya mazabodi (bodi kuu ya mashine), ikatafuta weee, hakuna kitu. Nikachomoa waya wa SATA, ule unaounga kisoma-DVD na bodi, nikauhamishia tundu jingine. Bado. Nikaazima sidiromu (kisoma-DVD) ya jirani, nikafunga kwa tochi ya simu maana umeme nao ulikuwa umekwenda zake. Uliporudi, ujumbe uleule, neno kwa neno. Benchini wamelala wanafunzi watatu, mmoja amekumbatia flashi yake kama mtoto mchanga. Saa kumi alfajiri akaamka akaniuliza, "Kaka, tayari?" Sikumjibu. Nilijifanya naandika.

Asubuhi nikabeba kasha lote hadi Makoroboi kwa mzee mmoja fundi. Hakugusa hata skrubu. Akaitazama DVD yangu kwa mwanga wa jua, akauliza: "Ulichoma kwa spidi gani?" Nikasema 16. Akacheka. Akachoma nyingine kwa spidi 4, ikapita mara ya kwanza. Elfu tano. Usiku mzima nalaumu sidiromu, kumbe ni DVD tupu ya bei chee niliyoichoma kwa pupa.

Sangara Mkavu
Spidi 4. Sina la kuongeza.

Kijana wa Igoma
Wakuu samahani, mimi natumia flashi kabisa, DVD sina, na bado inaniambia draiva ya CD/DVD haipo. Inakuwaje?

Mzee wa Kamanga
Ngosha, lile swali lako la "umeisomaje" lina jibu, na wengi hawalijui. Mwanzo DVD inasomwa na bayosi, ile programu ya ndani ya bodi inayoamka kwanza ukiwasha mashine. Bayosi inapakia Windows ndogo kwenye memori, halafu inakaa pembeni. Kuanzia hapo ile Windows ndogo inatakiwa iione DVD kwa macho yake yenyewe, kwa draiva zake. Ikikosa draiva, au ikakuta kipande cha DVD hakisomeki, inatoa ujumbe uleule mmoja. Ni kama pantoni zamani: imekuvusha, imekushusha Busisi, sasa bodaboda ni juu yako. Nyie mliozoea daraja la Kigongo-Busisi tangu Juni 2025 hamtanielewa.

Mimi kisa changu ni cha zamani zaidi, enzi za ule waya bapa mpana wa IDE. Diski kuu (hard disk) na sidiromu kwenye waya mmoja, zote mbili nimeziwekea jampa ya master (mkubwa). Mashine haikuona hata moja. Mafahali wawili zizi moja. Nilihamisha jampa ya kimoja, kile kipande kidogo cha plastiki, kwenda slave (mdogo), ikakaa sawa. Siku mbili zilipotea pale.

Dogo Tekno
Hivi bado kuna watu wanapiga Windows 7? Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Hata Windows 10 iliishia 14 Oktoba 2025. Na DVD juu yake? Mnaishi makumbusho?

Ngosha wa Nyegezi
Dogo, mteja ana mashine ya GB 2 za memori na programu ya mahesabu ya duka haikubali kitu kingine. Nimwambie akauze ng'ombe?

Dogo Tekno
Mpe Ubuntu, mfumo wa bure badala ya Windows.

Fundi Mabatini
Ubuntu kwa mwenye duka la vipuri! Halafu akikupigia saa tano usiku kuuliza stoku yake iko wapi utapokea wewe? Twende kwenye mada. Anayekutana na hili aingie bayosi, pale pa SATA (namna mashine inavyoongea na diski) aweke IDE ya kizamani badala ya AHCI mpya. Kwisha.

Mzee wa Kamanga
Usipotoshe watu. Hiyo ni dawa ya Windows XP ya zamani. XP haina draiva za AHCI, ndiyo maana ilikuwa inakupiga kioo cha bluu chenye 7B mwishoni. Windows 7 inazo. Na mtu mwenye Windows inayofanya kazi akibadilisha hapo kienyeji, haitawaka, atakuja kukulilia wewe.

Fundi Mabatini
Mimi nimefanya na imekubali. Mara tatu.

Mzee wa Kamanga
Hata paka wangu akikaa juu ya redio huwa inashika stesheni.

Sangara Mkavu
🤣🤣

Kijana wa Igoma
Jamani flashi…

Mama Buzuruga
Mimi si fundi, ila huu uzi umenigusa pabaya.

Laptopu ilikuwa ya baba watoto. Yeye ni mtu wa dagaa, wiki mbili visiwani, wiki moja nyumbani. Ikawa haiwaki vizuri, inaunguruma tu krr krr krr, na mtoto anaitaka ajisomee. Nikaipeleka kwa fundi hapa stendi. Akasema anapiga Windows, akabonyeza trei aweke DVD yake, haifunguki. Bayosi mara inaiona sidiromu, mara haioni. Akanyoosha klipu ya karatasi, akaichoma kwenye kale katundu kadogo pembeni ya trei, ikatoka taratibu.

Ndani kuna DVD. Nyeupe, imeandikwa kwa maka peni. Fundi akaisoma kimya, akaigeuza upande wa pili, akaanza kufuta lenzi isiyohitaji kufutwa. Nikasema nipe. Imeandikwa HARUSI, NANSIO. Jina la mume wangu, na jina lisilo langu.

Nikamwambia iweke icheze. Akasema, "Mama, sidiromu mbovu hii." Nikasema iweke. Akaiweka kwenye mashine yake. Ilicheza dakika nne, ikaganda pale anapokata keki. Suti ile niliishona kwa hela yangu ya kikoba.

Sangara Mkavu
Nimekaa chini.

Fundi Mabatini
Dada yangu, endelea. Akaja? Ukamwambiaje?

Ngosha wa Nyegezi
Pole sana dada. Lakini endelea.

Dogo Tekno
Naomba niulize, hiyo DVD ilichomwa spidi gani maana kuganda dakika ya nne…

Mzee wa Kamanga
Dogo, heshima.

Bibi Kirumba
Mwanangu, DVD hiyo usiitupe. Ifunge vizuri, iweke kwa mama yako mzazi. Huo ni ushahidi.

Fundi Mabatini
Mimi nasema aivunje, alale usingizi.

Bibi Kirumba
Avunje ili kesho aambiwe ameota?

Mama Buzuruga
Ninayo. Mengine ni ya nyumbani. Nilitaka tu kusema kwamba trei isipofunguka, muulize fundi kwanza kama kuna kitu ndani, na uwe umekaa. Windows ilipigwa kwa flashi, mtoto anasoma.

Sangara Mkavu
"Na uwe umekaa."

Kijana wa Igoma
Pole dada. Wakuu, tangu saa nne asubuhi niko kwenye kioo kilekile.

Mzee wa Kamanga
Kijana, nisamehe, tumekusahau. Flashi umeichomeka tundu la bluu?

Kijana wa Igoma
Ndiyo, la bluu.

Mzee wa Kamanga
Ndipo ulipokwama. La bluu ni USB 3, na Windows 7 haina draiva zake. Bayosi inaisoma flashi, ile Windows ndogo ikiamka haioni kitu. Ghairi huo ujumbe urudi kwenye kile kioo cha mwanzo cha kusakinisha, chomoa flashi, ichomeke tundu jeusi, anza tena. Usizime mashine. Kama ina matundu ya bluu pekee, tafuta draiva za USB 3 uzipachike kwenye flashi kabla ya kuanza.

Fundi Mabatini
Au weka IDE.

Mzee wa Kamanga
Wewe!

Kijana wa Igoma
Imekubali!! Inakopi mafaili, asilimia 12. Wabeja sana mzee. Sasa Mama Buzuruga, huyo bwana wiki mbili zake zinaisha lini?