Mama kagongwa na Coaster, mwenye gari kaleta laki tano na karatasi ya kusaini. Tufanyeje?

Binti wa Uyole

Habari za jioni wanajamvi. Naomba ushauri wa haraka, hasa kwa wanaojua sheria au waliowahi kupitia jambo kama hili.

Mama yangu ana miaka 58, anauza parachichi na ndizi pembeni ya barabara kuu hapa Uyole, Mbeya. Mwezi uliopita, asubuhi, Coaster ya abiria ilikuwa inaipita bajaji, ikakutana uso kwa uso na lori. Dereva akakwepa kwa kuingia bega la barabara, pale wanapokaa akina mama. Wenzake waliwahi kuruka. Yeye alikuwa ameinama anapanga matenga. Amevunjika mfupa wa paja na mbavu mbili. Kafanyiwa upasuaji, kawekewa chuma, na daktari anasema huenda akahitaji kurudi tena chumba cha upasuaji.

Trafiki walifika, wakapima, wakachukua maelezo. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, tunayo. Dereva yuko nje kwa dhamana. Tunasikia kesi itaenda mahakamani, lakini hakuna aliyetuita.

Mwenye gari tunamfahamu. Tunasali kanisa moja, na watoto wake nimesoma nao. Siku ya kwanza alikuja wodini na chupa ya uji, akalia kwa uchungu kabisa. Jumapili iliyopita akaja nyumbani na wazee wawili na balozi wa nyumba kumi, mkononi ana laki tano na karatasi iliyochapwa. Nainukuu: "Nimepokea shilingi 500,000 ikiwa ni fidia ya ajali. Sitadai kitu kingine chochote kwa mwenye gari, dereva wala kampuni ya bima, na naomba kesi ifutwe."

Mama anataka kusaini. Anasema hawezi kumburuza mahakamani mtu anayepeana naye amani kanisani. Na bili zinatutisha: upasuaji, chuma, dawa, tumeshapita milioni mbili na laki saba, nyingine tumekopa kwenye kikoba. Kaka anasema tukikataa tutakosa hata hiyo laki tano. Kinachoniuma ni kwamba mama anaogopa kuonekana ana tamaa, na yeye ndiye amelala hawezi hata kujigeuza.

Je, akisaini ndiyo imeisha? Na tukikataa tunamdai nani, maana dereva mwenyewe hana kitu? Hela ya wakili hatuna. Wamesema watarudi Jumapili hii.

Fundi wa Ipogolo

Pole sana dada. Mimi nilikuwa abiria wa bodaboda Iringa, tukagongwa na pikapu kwa nyuma, nikavunjika mguu. Nililipwa na bima ya ile pikapu, ila ilichukua karibu miaka miwili. Kilichonisaidia ni mke wangu. Kila karatasi aliiweka kwenye mfuko mmoja: risiti za duka la dawa, za picha ya mionzi, za magongo, mpaka nauli za kwenda kliniki alimwandikisha dereva wa bajaji kwenye daftari na sahihi yake. Kwenye bima walipitia karatasi moja moja. Kile kisicho na risiti walikikata bila huruma. Kwa hiyo anza leo kukusanya, usingoje mama apone.

Mzee wa Madai

Binti yangu, pole, na mfikishie mama pole zangu. Nimestaafu sasa, lakini sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliketi kwenye dawati la madai la kampuni ya bima, upande ule unaopokea mafaili kama la mama yako. Karatasi kama hiyo uliyonukuu nimeziona nyingi, na kila ilipotua mezani kwangu niliumia, kwa sababu nilijua yule majeruhi ameshafungiwa mlango. Msisaini.

Nianze na hilo linalomsumbua mama, maana ndilo linalowaponza wengi. Kudai fidia si kumfilisi ndugu yenu wa kanisani. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha mwenye gari linalotembea barabarani kuwa na bima ya kuwakinga watu wengine wasio yeye, hii wengi tunayoiita bima ndogo. Ilitungwa kwa ajili ya mtu aliyekaa pembeni ya barabara na matenga yake. Ada yule bwana ameshailipa. Kama bima yake ni hai, fidia inatakiwa itoke kwenye kampuni, si mfukoni kwake. Mama akisaini, anayepumua ni kampuni ya bima, wala si jirani yenu.

Tena mwambieni mwenye gari na hili, huenda halijui: sharti la kawaida kwenye mikataba ya bima ya magari ni kwamba mwenye gari asikiri kosa wala asipatane malipo na mtu bila kampuni kuridhia. Hiyo karatasi yake inaweza kumharibia hata yeye. Anachotakiwa kufanya ni kuripoti ajali kwa kampuni yake. Akifanya hivyo amewasaidia kuliko laki tano mara kumi.

Sasa kuhusu kesi. Msichanganye mambo mawili. Kesi ya trafiki ni ya Jamhuri dhidi ya dereva, na mama ni shahidi. Haifutwi kwa karatasi ya nyumbani, hata balozi akigonga muhuri. Nendeni kwa mpelelezi mchukue namba ya kesi, mjue imefika wapi, na mama akiitwa aende hata kwa kiti cha magurudumu. Dereva akitiwa hatiani na hukumu ikawa ya mwisho, mahakama ya madai inaipokea kama ushahidi kwamba alikosea, nanyi mnabaki kuthibitisha madhara tu. Watu wanaipuuza kesi ya trafiki kwa kuona faini inakwenda serikalini. Wanapoteza silaha yao kubwa.

Dai la fidia ni jambo la pili, na hilo ni la mama mwenyewe. Mnamdai dereva pamoja na mwenye gari, kwa kuwa anayemtuma mtu kazini anabeba uzembe wa huyo mtu akiwa kazini. Kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, mna miaka mitatu tangu ajali kufungua shauri la namna hii. Ikipita, imepita. Lakini kabla ya mahakama, pelekeni dai la maandishi kwa kampuni ya bima. Ili mjue ni kampuni gani, usiku huu huu ingia kwenye mfumo wa TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, unaitwa TIRA-MIS. Andika namba ya gari, utaona bima yake iko wapi na inaisha lini. Piga picha ukurasa huo. Ikionekana siku ya ajali bima ilikuwa imekwisha, hapo mnabaki na mwenye gari na dereva moja kwa moja, na mazungumzo yanakuwa mengine.

Kwenye barua ambatisheni nakala ya PF3 iliyojazwa na daktari, na ripoti za polisi za ajali na ukaguzi wa gari, zile fomu PF 90, PF 93 na PF 115. Polisi wanazifahamu, ila lazima mzifuatilie. Kisha ripoti ya daktari na risiti. Fundi kasema kweli tupu. Gharama mlizotumia ni fidia mahsusi, nazo hudaiwa kwa ushahidi, senti kwa senti. Maumivu, kilema, kushindwa kufanya kazi aliyoizoea, hiyo ni fidia ya jumla, na mahakama hukadiria yenyewe.

Kipato cha mama msikiache. Madawati ya bima yanapenda kuandika "hana kazi" kwa mama wa gengeni, kwa kuwa hana hati ya mshahara. Nimewahi kugombana na wenzangu ofisini kwa ajili ya hilo neno. Tafuta kitambulisho chake cha mjasiriamali kama anacho, risiti za ushuru, daftari la kikoba linaloonyesha anaweka kiasi gani kila wiki, na yule anayemuuzia parachichi kwa jumla aandike maelezo. Hiyo ni kazi, na ina thamani.

La mwisho kwa leo. Usikubali kufunga dai kabla daktari hajaandika ripoti ya mwisho inayosema amebaki na ulemavu wa kiasi gani. Kampuni nayo itakuja na karatasi yake ya kusaini kabla ya kulipa, na ina maneno yale yale ya "sitadai tena". Safari hiyo mtaisaini mkijua mnachouza.

Kyela Damu

Mzee umeeleza vizuri, lakini tuseme ukweli: bima za Bongo zinazungusha. Utaambiwa njoo kesho, faili liko Dar, mpaka mama wa watu achoke. Bora hela iliyo mkononi.

Mzee wa Madai

Kyela Damu, hasira yako naielewa, na kuzungushwa kupo. Ila tusimfunge mama kwa sababu hiyo. Kila barua ipelekwe kwa mkono, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Wakikaa kimya, TIRA wana ofisi ya kanda hapo hapo Mbeya, mnapeleka malalamiko na nakala zenu. Ipo pia ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, haidai malipo. Nimeona faili lililolala mwaka mzima likaamka baada ya barua moja kutoka TIRA. Na ikishindikana, mahakama ipo, na tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo mama atafuata kinachosemwa juu ya mguu wake mwenyewe.

Msaidizi wa Kisheria

Nyongeza kuhusu wakili. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Nenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri, wakuelekeze kwa watoa msaada waliosajiliwa na wasaidizi wa kisheria walio karibu nawe. Hawakutozi. Jihadhari na watu wanaozunguka wodini wakisema watakudaia, kisha mnagawana nusu kwa nusu. Atakayejiita wakili mtafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Asipoonekana humo, usimpe hata nakala ya PF3.

Na wanaosoma uzi huu: ingekuwa aliyeumia ni konda au mwajiriwa yeyote aliye kazini, kuna njia nyingine, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Pale huhitaji kuthibitisha nani alizembea, inatosha kwamba uliumia ukiwa kazini. Mama wa Uyole amejiajiri, kwa hiyo njia yake ni ya bima ya gari.

Binti wa Uyole

Nimewasomea mama na kaka yote haya kwa sauti. Nimeangalia TIRA-MIS, bima ni hai mpaka mwezi wa tisa. Mama kalia, akasema kumbe si kumshitaki ndugu. Swali lililobaki: Jumapili wakija na laki tano tuikatae? Maana dawa za wiki ijayo hatuna.

Mzee wa Madai

Msiikatae. Ipokeeni kwa shukrani, mbele ya wazee wale wale. Ila karatasi iandikwe upya, tena mwiandike ninyi: "Nimepokea shilingi 500,000 kutoka kwa mwenye gari kusaidia matibabu yangu. Malipo haya si ya mwisho na hayaondoi haki yangu ya kudai fidia kwa mtu yeyote wala kwa kampuni ya bima." Wasaini pande zote na mashahidi, mama abaki na nakala yake. Kiasi hicho kitahesabiwa kwenye dai baadaye, hakuna atakayewaita wezi. Mwombe pia mwenye gari, hapo hapo, akupe nakala ya cheti chake cha bima na jina la wakala aliyemkatia. Kama machozi yale ya wodini yalikuwa ya kweli, hatasita. Jumatatu nenda kwa mpelelezi asubuhi mapema, kabla hajatoka kwenda kwenye matukio.